Funda la Nyambura

Wiki iliyopita nilialikwa Skuta, pale Nyeri, kwenye ruracio ya mjukuu wa jirani yangu wa zamani. Mahari ilikuwa inaletwa, na sisi wazee tulitakiwa kujaza viti vya mbele. Nilikwenda kwa adabu tu. Mtu akifika umri wangu haendi tena kwenye sherehe kwa furaha, anakwenda ili siku yake ikifika asizikwe na watu wachache. Hema jeupe lilikuwa limesimamishwa uani, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, na ukutani kulikuwa na mitungi ya njano, ile inayouzwa ikiwa na mafuta ya kupikia, imejaa muratina, pombe yetu ya miwa. Harufu ilinifikia kabla sijaketi. Wenye umri wangu wanaijua: ukali wa miwa iliyochacha, moshi kidogo, na chini yake utamu uliokwisha kuharibika. Mimi sinywi tena. Niliacha baada ya kunywa fungu langu na mafungu ya watu wengine. Lakini pua haijaacha.

Emsii alikuwa kijana mchangamfu mwenye koti la kung'aa. Alimwita bibi arusi mbele akampa pembe ya kukodisha, kubwa kama mkono wangu kuanzia kiwiko, imeviringishwa shanga za rangi za bendera.

"Wazee wangu, leo hatutaki mambo ya kuonja onja," alisema kwenye kipaza sauti. "Wambui, hii yote ni yako. Ukikunywa kidogo tutajua unapenda yeye kidogo. Ama namna gani, watu wa Nyeri?"

Watu walicheka. Simu zikainuliwa juu. Spika zikaachia wimbo wa yule mwanamume anayemwomba mhudumu asimpimie kwa glasi bali amletee ndoo, na vijana wakauimba wote. Wambui alikunywa, pombe ikamtiririka hadi kwenye nguo yake, naye akacheka na kuendelea. Sikumlaumu. Alikuwa amemchagua mume wake mwenyewe, na ile pembe kwake ilikuwa mchezo kama keki. Kijana mmoja aliyeketi karibu yangu aliniinamia.

"Guka, enzi zenu saizi ilikuwa gani?"

"Ya msichana ilikuwa ndogo sana," nilimwambia.

"Pole," alisema. "Mlikuwa mnabaniwa."

Nilicheka naye. Kisha nikaaga mapema, nikasema miguu inaniuma, jambo ambalo ni kweli siku zote. Nyumbani niliketi bila kuwasha taa. Nilikuwa namfikiria dada yangu Nyambura, ambaye tulimzika mwaka jana Wang'uru, kwenye joto lile la mashamba ya mpunga, mbali na baridi aliyozaliwa nayo.

Nyambura alikuwa kifunguamimba, mimi ni kitindamimba. Kati yetu kulikuwa na wengine waliokufa wadogo, kwa hiyo kulikuwa na nafasi kubwa katikati, nayo aliijaza kwa kunibeba. Ninavyokumbuka, nilijifunza kuiona dunia nikiwa mgongoni kwake. Naijua shingo yake kuliko ninavyoujua uso wake. Ilikuwa ndefu, na alipokuwa anameza kitu ungeona jinsi kinavyoshuka. Mama alimtania kwamba mtu mwenye shingo kama hiyo hawezi kula kwa siri.

Tuliishi kwenye mgongo mmoja wa vilima vya Nyeri, mahali ambapo ukungu wa asubuhi haukuwa na haraka ya kuondoka. Guka, yaani babu yangu mzaa baba, alikuwa fundi wa pombe. Miwa ilimenywa na kutwangwa kwenye gogo lenye vishimo, maji yake yakachujwa. Matunda ya muratina, yale yaliyoipa pombe jina lake, hayakuota kwetu kwa sababu ya baridi. Yaliletwa kutoka pande za chini za Murang'a, makubwa na mazito. Guka aliyachemsha, akayakausha, akayatia kwenye vibuyu ili yaichachushe pombe. Vibuyu hivyo alivikalisha karibu na moto na kuvifunika blanketi lake mwenyewe. Siku hizo sote tulinong'ona. Guka alisema pombe ikisikia ugomvi inaharibika, na mimi niliamini kwamba ndani ya kibuyu kulikuwa na mtu mzee mwenye usingizi mwepesi.

Kazi iliyompa guka heshima zaidi, hata hivyo, haikuwa kupika bali kupima. Watoto wa leo wanadhani kipimo ni kiasi cha kiu. Kwa guka kiu haikuhusika. Kibuyu kikubwa kilikuwa cha kikao kizima na hakuna mtu aliyekiita chake. Pembe ya fahali ilikuwa ya wazee waliokwisha kutahirisha watoto wao. Mwanamume aliyeoa majuzi alipewa pembe fupi, tena isiyojaa, na hakuruhusiwa kulalamika. Kijana asiye na mke hakupewa kitu. Alikata miwa, akatazama wengine wakinywa, akaenda zake. Nilipomuuliza guka kwa nini, alisema mtu humiminiwa kadiri ya anachoweza kubeba bila kumwaga, na hakuwa anazungumzia pombe. Mimi nilidhani anazungumzia pombe. Niliwatazama wazee wenye pembe kubwa kama watu wenye matumbo makubwa, nikajipa moyo kwamba nami nikila nduma nyingi siku moja nitafika.

Kulikuwa na pembe moja ndogo kuliko zote, nyeusi, laini kwa kushikwa, ambayo haikunywewa na mzee yeyote. Ilikuwa ya msichana siku anayoposwa. Watu wa mwanamume walipoleta pombe, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla ya msichana kuulizwa. Alimiminiwa kidogo kwenye pembe ile, funda moja tu, na baba yake akamuuliza mbele ya wote: tunywe pombe hii au tusinywe? Msichana hakujibu kwa maneno. Akimeza, amekubali, na baba yake anakunywa baada yake. Akitema, amekataa, na wageni wanabeba vibuyu vyao vikiwa vimejaa na kurudi navyo walikotoka. Binti wa siku zile hakuweza kumwambia baba yake hapana mbele ya watu. Mila ilijua hivyo, ikampa funda moja badala ya neno.

Ng'ambo ya mto palikuwa na mwanamke ambaye katika usichana wake alitema. Bado ilisimuliwa. Wanawake walioleta vibuyu walirudi navyo mgongoni wakipita mbele ya nyumba zote za kilima kile, pombe ikipigapiga ndani, na watu wakitoka kuwatazama. Nilikipenda sana kisa hicho. Nilimwomba mama anisimulie, na kila mara nilicheka palipofika pombe kupigapiga. Haikunijia akilini kwamba kilikuwa kisa cha msichana.

Mtu aliyemtaka Nyambura alikuwa mjane wa kiume mwenye shamba la mpunga Wang'uru. Mke wake alikufa akijifungua, akamwachia watoto wadogo. Kaka wa mtu huyo alikuwa amefanya kazi pamoja na baba zamani, wakala pamoja na kulala chumba kimoja katika nyakati ngumu, na ndiye aliyelileta neno. Baba hakuwa mtu mbaya. Niseme hivyo kwa sababu nimemlaumu vya kutosha. Aliona shamba letu likigawanywa hadi kubaki vipande vya kutandikia mkeka, na huku anaambiwa habari za shamba ambalo maji huliingia kwa mfereji, mvua inyeshe isinyeshe. Aliona binti yake akila wali. Baba mwenye shida nyingi huona chakula na kufikiri ameona maisha.

Lakini Nyambura alikuwa amepata nafasi ya kujifunza uuguzi katika hospitali ya misheni. Alikuwa ameambiwa aje na shuka mbili na viatu vyeupe. Shuka alikuwa nazo, alizifua na kuzifua tena. Viatu alikuwa bado anavitafuta. Mama alijua, guka alijua, baba alijua na kusema uuguzi ni kazi ya kuosha watu usiowajua, na kama ni kuosha, Wang'uru kuna watoto.

Siku mbili hivi kabla ya wageni kuja, tulikuwa mtoni. Nyambura alikuwa akisugua vibuyu kwa mchanga na mimi nilikuwa nikimzuia kwa kumsaidia. Aliacha kusugua.

"Nikuambie kitu, na usimwambie mtu?"

"Sitasema."

"Siku ile wakinipa pembe, sitameza."

Nililifikiria jambo hilo. Nilikuwa nimewahi kulamba kifuniko cha kibuyu cha guka na nilijua ladha yake. "Kwa sababu ni chungu?"

Alinitazama. Sasa najua alikuwa anapima kama anieleze. Alikuwa amechoka, nami nilikuwa mdogo. "Ndiyo," alisema. "Ni chungu."

"Kama dawa ya minyoo?"

"Kushinda dawa ya minyoo."

"Basi ziba pua. Mimi huziba pua."

Alicheka, akanivuta sikio polepole, akarudi kwenye kibuyu chake. Nilimwona akifuta macho kwa mgongo wa mkono nikadhani amerukiwa na mchanga.

Jambo lile lilinikaa. Dada yangu angeaibika mbele ya wageni, watu wangemcheka kwa kushindwa na kitu ambacho hata mimi nilikiweza kwa kuziba pua. Na guka alikuwa akimwambia baba kwamba pombe itakayoletwa ni ya nchi ya joto, na pombe ya nchi ya joto huchacha haraka, itakuwa kali. Niliyasikia hayo nikamhurumia Nyambura zaidi. Ndipo nikakumbuka asali.

Mama alikuwa na kibuyu kidogo cha asali darini juu ya meko, cha kifua na homa tu. Nilipopewa dawa chungu, kwanza mama alinipaka asali ulimini, na dawa ikapita bila mimi kujua. Asali nyingine haikuwepo nyumbani. Asubuhi ya siku ya wageni, kila mtu alipokuwa nje akifagia na kuchinja, nilipanda kwenye kinu, nikakishusha kile kibuyu. Guka alikuwa ameisimamisha pembe ndogo kwenye kikapu cha makapi ya miwa ili isianguke. Niliitia asali polepole hadi chini kabisa. Ilichukua muda mrefu kushuka, kwa sababu ya baridi. Nililamba vidole, nikarudisha kibuyu mahali pake, na siku nzima nilitembea kama mtu aliyemaliza kujenga daraja.

Wageni walikuja kwa lori lililokuwa na matope yetu mekundu juu ya mavumbi meusi ya kwao Mwea. Wanawake wao walishuka na vibuyu mgongoni, mikanda ikiwa kwenye paji la uso, wakiimba. Wetu waliwazuia mlangoni kwa matusi ya utani, kama ilivyo desturi.

"Mmebeba nini, maji ya mpunga?"

"Tumebeba cha kuwanyamazisha."

"Msichana wetu hanywi maji ya vyura."

"Vyura wetu wamenona kuliko mbuzi wenu."

Hata mama alilazimika kucheka. Yule mtu mwenyewe alisimama nyuma ya wenzake akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Ninachokumbuka juu yake ni kwamba viatu vyake vilikuwa vipya na vilimbana.

Walipoketi, guka alimimina. Ndani ya nyumba mlikuwa na giza la moshi, hakuna aliyeweza kuona chini ya pembe. Alimpa baba, baba akasimama.

"Nyambura," alisema, "hawa watu wameleta pombe. Sisi hatujui ni ya nini. Wewe ndiwe unayejua. Tunywe au tusinywe?"

Nilikuwa nimejipenyeza kati ya wanawake, karibu kabisa, ili nione kazi yangu. Nyambura alipokea pembe kwa mikono miwili. Aliinua, akaiinamisha, na mashavu yake yakajaa. Kisha akatulia. Alikuwa ameanza kugeuza kichwa upande wa mlango, kule ambako mtu angetemea, akaacha. Macho yake yaliondoka kwenye pembe yakaenda moja kwa moja kwa mama. Mama alikuwa anamtazama pia, na macho yao yalipokutana, mama aliinamisha kichwa.

Niliiona shingo. Ilishuka, mara moja.

Vigelegele viliezua paa. Baba aliichukua ile pembe tupu akaiweka kando, akanywa ya kwake, uso wake ukiwa umelainika kama wa mtoto, na guka akaanza kugawa kubwa kwa wakubwa na ndogo kwa wadogo. Mimi niliruka ruka. Nilikuwa nimeweza.

Nilimtafuta nikampata nyuma ya ghala, amekalia gogo. Sikuweza kusubiri hata nimkaribie.

"Haikuwa chungu, sivyo? Ni mimi. Nilitia asali ya mama."

Ni kama hakuwa amesikia, kisha nikaona amesikia.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Mama hakukutuma?"

"Hata hajui. Usimwambie, atanichapa."

Alijifunika uso kwa leso. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Alisema alipoionja asali alijua ni ya kibuyu cha mama, kwa sababu ilikuwa na harufu ya moshi wa dari. Akadhani mama ameitia ili kumwomba. Akamtazama mama kumuuliza, na mama akainama, na yeye akadhani amejibiwa. "Ningemkataa baba," alisema. "Mama nisingeweza kumkataa."

Mama, kwa upande wake, aliinama kwa sababu hakutaka kuona. Hilo aliniambia mwenyewe, uzeeni, siku moja tukimenya viazi. Alikuwa anaamini kuwa binti yake yuko karibu kutema, na hakutaka kuona uso wa baba.

Nyambura aliondoa leso usoni. Kuna kitu kilikuwa kimemjia. Niliona kwa jinsi alivyonishika mabega.

"Sikiliza. Pembe ya msichana haiguswi. Ikiguswa, pombe inamwagwa, na msichana anaulizwa upya. Guka anajua, wazee wote wanajua. Mimi siwezi kuingia mle kusema. Wewe unaweza, wewe ni mtoto. Utakwenda useme maneno mawili. Kwanza, kwamba ulitia asali kwenye pembe yangu. La pili, kwamba Nyambura anaomba aulizwe tena. Sema."

Nilisema.

"Sema tena."

Nilisema tena, yote mawili, bila kukosea. Nilimuuliza kama nitachapwa. Alisema huenda, na kwamba akichapwa mtu mmoja siku hiyo si mbaya sana, yeye atakaa nami baadaye. Tukazunguka ghala pamoja. Alisimama pembeni mwa mlango, mahali asipoonekana, akanisukuma mgongoni kwa vidole.

Nataka kusema maisha yake yalivyokwenda, ili nisionekane naficha. Hakupigwa, hakunyimwa chakula. Mume wake alikuwa mtu mpole na mzito, na alikufa mapema. Nyambura alilea watoto aliowakuta na wale aliowazaa, akasimama kwenye maji ya mpunga hadi magoti yakawa hayakunjiki vizuri. Nilimtembelea mara chache kuliko ilivyonipasa, na mara nyingine nilifika nikiwa nimelewa, naye akanitandikia bila kuuliza. Hakuwahi kunitajia siku ile. Mimi nami nilikua, nikasoma sekondari, nikapata kazi ya ofisini mjini, nikawa mzee wa kukalia viti vya mbele. Nimewahi kusimama mbele ya binti yangu mwenyewe na pembe mkononi, nikamuuliza kama tunywe, huku jicho langu liko kwenye kibuyu na si kwake. Alimeza. Sijui alikuwa anafikiri nini. Sikutazama.

Sasa nirudi mlangoni.

Ndani kulikuwa na joto la miili na kelele. Wazee walikuwa wamekwisha kufika pale ambapo kila mtu anamwita mwenzake ndugu. Nilisimama katikati. Yule kaka wa mwanamume, mzee mnene wa Wang'uru, ndiye aliyeniona kwanza.

"Nani huyu? Mkaguzi wa pombe?"

"Amekuja kukamata waliokunywa bila kibali," mwingine alisema.

"Baba," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Mimi nilitia asali kwenye pembe ya Nyambura."

Baba aliniangalia, na kwa muda ule nilijua nitachapwa. Kisha mzee wa Wang'uru akapasuka kicheko, kicheko cha tumbo, mpaka pembe yake ikamwagika gotini.

"Mmesikia? Asali! Sisi tumetoka mbali hivyo, Wang'uru, na vibuyu vya pombe kali, kumbe kuna kibuyu kimoja kidogo hapa kimetutangulia na baraka."

"Mtoto asiye na dhambi," mwingine alisema. "Asali ya mtoto ni mate ya Mungu."

"Ndiyo maana amemeza haraka hivyo. Sisi tulidhani ni uzuri wa bwana arusi."

Hapo walicheka wote, hata baba. Baba alinyoosha mkono akaniweka juu ya goti lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nianze kutembea. Mkono wake ulikuwa mgongoni mwangu na niliusikia ukitetemeka kwa kicheko. Nilidhani wamefurahi kwa sababu nimefanya vizuri. Sikujua kwamba watu wazima huweza kucheka haraka ili jambo lisiwe limesemwa.

Neno la pili nilikuwa nalo. Lilikuwa pale pale, mbele ya meno. Nilifungua mdomo.

"Mpeni naye," alisema mzee wa Wang'uru. "Aliyebariki pembe asirudi mikono mitupu."

Alininyooshea pembe yake mwenyewe, ya fahali, iliyobaki kidogo chini. Niliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, ilikuwa na joto la mikono yake. Vijana walioshinda wakikata miwa mwaka mzima hawakuwa wamewahi kuishika, na wawili wao walikuwa wanachungulia dirishani wakinitazama.

Guka peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi karibu na kibuyu, mkono kwenye kifuniko, ananitazama kama alivyotazama pombe inayochacha, akingoja kujua ni nini ndani yake.

"Mtoto wangu," alisema, "kuna neno jingine?"

Wazee wakamgeukia, kwa heshima yake. Pembe ilikuwa imeshafika mdomoni. Baba alikuwa ananitazama kwa macho ambayo nilikuwa nimeyatamani maisha yangu yote mafupi. Nilitikisa kichwa, nikanywa.

Walipiga makofi. Ilinichoma koo, machozi yakanitoka, nikashangiliwa kwa hayo pia. Nilishuka gotini mwa baba nikatoka nje nikiwa na miguu ya mtu mwingine.

Nyambura alikuwa bado amesimama pale pembeni mwa mlango, mgongo ukutani. Aliniinamia hadi uso wake ukawa karibu na wangu, akaninusa mdomo.

"Ulisema yote mawili?"

"Nilisema moja."

Alibaki ameinama hivyo hivyo. Kisha akachukua ncha ya leso yake akanifuta kidevu, upande mmoja, halafu upande wa pili, akaniambia nikalale kabla mama hajanisikia harufu. Ndani mtu alimwita kwa jina, mmoja wa wale wageni, akamwomba alete maji ili wazee wanawe mikono.

Nyambura akaitika, akaenda kuyachota.